Kiu ya Mzee Haipigi Hodi

Maneno niliyosema mbele ya wazee wenzangu na familia zao, Tabora mjini, mwezi wa Oktoba. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Nimepunguza marudio tu.

Mwangaluka, ndugu zangu. Mlionitangulia kuliona jua, shikamooni. Wanangu na wajukuu mliowashika mkono wazee wenu mpaka hapa chini ya mwembe, marahaba, na Mungu awalipe.

Nimeombwa niseme juu ya afya ya mzee wakati huu wa joto. Nimefanya uuguzi miaka 34, nimestaafu, na sasa nina miaka 68. Kwa hiyo mwenye kusema hapa ni muuguzi, na ni mzee pia.

Oktoba yetu mnaijua. Miyombo imeshatoa majani mekundu kabla hata tone la mvua halijaanguka, maembe bado mabichi juu, na upepo wa vumbi unaanza saa nne asubuhi. Ndio mwezi wenye joto kuliko yote hapa Tabora. Na kwa kuwa tuko juu kiasi, mita kama 1,200 kutoka usawa wa bahari, usiku hupoa kidogo, basi tunajidanganya kwamba mwili umeshapumzika.

Nitaanza na kikombe.

Mama yangu mzazi alikuwa na miaka 76, tunaishi naye nyumba moja. Kila asubuhi kabla sijakwenda kazini nilimjazia maji kikombe cha bati cha buluu, kilichobanduka rangi ukingoni, nikakiweka juu ya kigoda karibu na mkeka wake. Jioni moja ya Oktoba nilirudi nikamkuta amekaa palepale, kimya. Nikamwamkia, akaniita kwa jina la dada yangu ambaye tulishamzika. Kesho yake akawa anauliza kama ng'ombe wamerudi, na ng'ombe tulishauza zamani. Jirani mmoja akasema ni uzee tu. Mwingine akaninong'oneza kwamba mama amechezewa. Zahanati tuliyompeleka kwanza walimtazama kwa macho, hawakupima kitu, wakampa dawa za malaria wakaniambia, "Dada, huo ni umri." Nami nikamrudisha nyumbani.

Usiku ule nimekaa naye ndipo nilipokitazama kikombe. Maji ya asubuhi yalikuwa palepale nilipoyaachia. Juu yake vumbi limetanda utando mwembamba, na utando ule haukuwa umeguswa na mdomo wa mtu. Nikamwomba anionyeshe ulimi. Ulikuwa mkavu, umepasukapasuka kama gamba la mninga. Mkojo kidogo alioupata ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Akili haizeeki kwa siku mbili, ndugu zangu. Mama alikuwa amekaukiwa maji.

Hospitali wakamtundikia dripu, polepole, kwa sababu moyo wa mzee hautaki kumiminiwa maji kwa pupa. Siku ya pili mchana akafumbua macho akaniita kwa jina langu. Aliishi miaka mingine tisa. Lakini mimi nilikuwa muuguzi, na nilipita mbele ya kikombe kile asubuhi na jioni bila kukitazama. Ndiyo maana leo nimekuja.

Alipopata nafuu nilimuuliza taratibu: "Mama, maji yalikuwa mkononi mwako, mbona hukunywa?" Akasema, "Sikuwa na kiu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Halafu nikinywa nitatoka usiku. Nikitoka nitaanguka."

Yote ninayotaka kusema leo yamo katika majibu hayo mawili.

Tuanze na lile la kwanza. Mama hakusema uongo. Kiu ya kijana inapiga hodi; itagonga mpaka umfungulie. Kiu ya mzee haipigi hodi. Kadiri umri unavyokwenda, ile sehemu ya ubongo inayopima kama damu imekuwa nzito inachelewa kushtuka, hivyo unaweza kuwa umeshakauka na mdomo haujakuomba kitu. Figo nazo zimechoka. Hazibani maji kama zamani, unaendelea kukojoa hata pale mwili unapotakiwa kuweka akiba. Na akiba yenyewe ni ndogo. Maji mengi ya mwili hukaa kwenye misuli, na misuli yetu imepungua. Kijana, karibu asilimia 60 ya uzito wake ni maji. Mzee ni kama 50. Tunaanza siku na mtungi mdogo, wenye ufa, na mlinzi wake amesinzia. Jasho nalo halitoki upesi kama zamani, kwa hiyo joto linabaki ndani.

Basi tusingoje kiu. Tunywe kwa saa. Mimi nimefunga maji yangu na sala: kikombe baada ya alfajiri, kimoja saa nne, kimoja adhuhuri, kimoja alasiri, pamoja na vile vya wakati wa kula. Mwenzangu Mkristo afunge na milo yake, na kengele, na taarifa ya habari ya redio, chochote kisichokosa kuja kila siku. Kwa mzee wa kawaida vikombe sita mpaka vinane vya robo lita vinatosha kwa siku ya joto. Uji unahesabika. Chai inahesabika, msidanganywe kwamba chai haihesabiki. Maziwa mgando, togwa, tikiti, papai, vyote ni maji yaliyovaa nguo nyingine. Pombe haimo humo. Pombe inakunyang'anya maji uliyonayo.

Neno moja la tahadhari. Kama daktari ameshakwambia una moyo uliopanuka, au miguu inavimba, au figo ni gonjwa, kiasi chako cha maji anakijua yeye. Usikichukue changu. Nenda ukamuulize, hasa mwezi huu.

Kipimo ni mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, kama nyasi kavu, uko salama. Ukikolea kama chai ya rangi, umechelewa, anza sasa hivi. Wapo watakaoona haya kulisikia hili hadharani, lakini nimewaogesha wagonjwa miaka 34, haya hiyo nimeshaiacha wodini.

Sasa jibu la pili la mama, nalo nawaelekezea vijana. *Nikinywa nitatoka, nikitoka nitaanguka.* Choo chetu kilikuwa nje, hatua kama arobaini, ngazi mbili za matofali katikati, na taa hakuna. Mama alipiga hesabu yake vizuri kabisa. Kati ya kukauka na kuvunjika nyonga, alichagua kukauka. Na wazee wengi mnaowaona wamekaa hapa wameshapiga hesabu hiyo kimyakimya na hawajawaambia. Nimewaona wakitazama chini nilipotaja choo.

Mwanangu, kabla hujamkaripia mama yako kwamba hanywi maji, itembee njia yake ya chooni. Itembee saa nane za usiku, bila simu yako ya kumulika. Utaona jiwe linalotikisika. Utaona hakuna pa kushika. Weka taa ndogo ya sola pale mlangoni, chimbia mti wa kushikilia ubavuni mwa ngazi, mnunulie ndoo yenye mfuniko ya chumbani na uimwage asubuhi mwenyewe, bila kununa na bila kuwatangazia watu. Kisha mpange naye: maji mengi yanywewe mchana, kuanzia magharibi yapungue, saa mbili kabla ya kulala awe amemaliza. Mama yangu tulipomwekea ndoo na taa, kikombe cha buluu kilianza kurudi kitupu. Sikumhubiria tena.

Wakati wa kuamka nao ni wa hatari. Mzee akisimama ghafla kutoka kitandani, damu inabaki miguuni, kichwa kinazunguka, anaanguka. Na mwenye upungufu wa maji ndiye anayeanguka upesi zaidi. Kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, chezesha nyayo juu chini, soma dua yako fupi, ndipo usimame.

Nije kwenye mifuko ya dawa, na kama mmekuja nayo kama nilivyoomba, nitaipitia mmoja mmoja baadaye. Baadhi ya vidonge vya presha kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini. Ni dawa nzuri, zimeokoa wengi, usiziache kwa maneno yangu wala ya jirani. Lakini ukiwa unaharisha, au unatapika, au huli wala hunywi, usikae nazo kimya. Nenda siku hiyohiyo ukaulize kama zipunguzwe kwanza. Na lipo jambo linaloniuma kuliko yote. Tunakwenda duka la dawa kwa ajili ya kiuno na magoti, tunauziwa diclofenac au ibuprofen, tunameza kila siku kama njugu. Ukichanganya dawa hizo na vidonge vya presha, juu ya mwili uliokauka kwa joto la Oktoba, figo zinaweza kuzimika ndani ya siku chache. Nimewaona waliofika hivyo. Walikuja kwa maumivu ya goti tu. Kwa goti, anza na paracetamol kwa kiasi ulichoandikiwa, na kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Ikishindikana, mwone daktari umwonyeshe mfuko wote.

Joto lenyewe tusilidharau kwa kuwa tumezaliwa nalo. Agosti ya mwaka 2003 joto kali liliipiga Ufaransa. Katika majuma machache walikufa watu karibu 15,000 zaidi ya kawaida, na wengi walikuwa wazee wa miaka 75 kwenda juu. Nchi ile ina hospitali, ina mabomba, ina magari ya wagonjwa. Wengi walikutwa ndani ya nyumba zao, peke yao. Nikiwaza habari hiyo siwazi hospitali, nawaza mlango ambao hakuna aliyeubisha. Sisi bado tunabishiana hodi, lakini nataka tusijisifu mno. Hapa mjini siku hizi yupo bibi ambaye watoto wako Dar es Salaam na Mwanza, mjukuu anarudi shule jioni, na kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi hajamwona mtu.

Na nyumba zetu zimebadilika. Tembe la kizamani lilikuwa na kuta nene za udongo na paa la udongo. Ndani palikuwa na ubaridi hata jua likiwa utosini. Nendeni Kwihara, hapa karibu na mji, kwenye tembe alilokaa yule msafiri Livingstone mwaka 1872, mguse unene wa ukuta. Sisi tumejenga kwa bati, wengi bila dari, na saa nane mchana chumba kinakuwa tanuri. Sisemi turudi kwenye tembe. Nasema mzee asilazwe chumbani chini ya bati saa nane. Mtoeni, mleteni mwembeni. Miembe hii wazee wetu wa safari za misafara waliipanda ili watu wapate kivuli na tunda, na kivuli chake bado kinafanya kazi. Lowesheni kanga au kitambaa, awekewe shingoni na mapajani. Shamba, soko, foleni ya benki, yote kabla ya saa nne au baada ya saa kumi.

Sasa dalili. Mzee akianza ghafla kuchanganya majina, au akawa mzito wa kujibu, au anayumba, huo ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Anaweza kuwa na malaria, ndiyo, basi apimwe; anaweza kuwa amekauka, au sukari imeshuka, au ana kiharusi. Ukimgusa ngozi inaunguza, na maneno hayaeleweki, huenda joto la mwili limeshafika nyuzi 40, na hapo kila dakika ina thamani. Kivulini haraka, punguza nguo, mmwagie maji, mpepee bila kuacha, huku mwingine anatafuta usafiri. Asiyejitambua usimnyweshe, maji yataingia mapafuni. Na mhudumu akikwambia "ni umri", mwambie kwa heshima: jana hakuwa hivi. Maneno hayo matatu mimi sikuyasema siku ile. Yasemeni nyinyi. Sera yetu ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, dirisha la wazee lipo kwenye vituo vingi. Mzee mwenye miaka 60 hapaswi kuomba radhi kwa kutaka kupimwa.

Anayeharisha anywe maji ya chumvichumvi, yale ya paketi kwa maelekezo yake. Yakikosekana: lita moja ya maji safi, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Lakini asiyeharisha, na hasa mwenye presha, hana haja ya kuyanywa kila siku kwa sababu ya joto tu. Maji matupu yanamtosha.

Nimesema kiu haipigi hodi. Presha nayo haipigi hodi. Kichwa hakiumi, macho yanaona, huku mshipa unachakaa. Kipimo kikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, siku tofauti, usiseme "lakini najisikia mzima". Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye samaki wa chumvi. Loweka samaki, mwaga maji, ndipo upike.

Na nguvu za miguu zinatoroka kwa namna hiyohiyo, bila kuaga. Hapa nataka kuzungumza na watoto wema. Mnampenda mama, mmemjengea, mmemnunulia kiti cha plastiki, mnamwambia, "Mama, umehangaika vya kutosha, pumzika." Anapumzika miaka miwili, na mwaka wa tatu hawezi kuinuka chooni. Mwachieni kijembe chake. Asubuhi kukiwa na ubaridi apalilie tuta lake la viazi, achambue karanga, aende kwa jirani kwa miguu. Kila siku, kabla ya chai, akae kwenye kigoda ainuke, akae ainuke, mara kumi, mwanzoni ameshika ukuta. Wataalamu wa dunia wanasema dakika 150 za kutembea kwa juma. Gawanya, ni kama dakika ishirini kwa siku, ni kwenda na kurudi dukani.

Misuli haijengwi kwa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Naipenda michembe kama nyinyi, nimekulia kwenye matobolwa, vile vinavyochemshwa kwanza ndipo vikakaushwa. Lakini mzee anayekula ugali na mlenda tu anazidi kuisha. Tieni karanga kwenye mlenda, dagaa wa Kigoma wapo sokoni, maharage, yai. Kama meno hayapo, twanga dagaa, kaanga, nyunyizia kwenye uji au mboga. Bibi mmoja wa mtaani kwetu nilimpa ushauri huo, sasa ana kopo lake la unga wa dagaa, na hamwachii mtu.

Asali. Najua naingia patakatifu, tuko Tabora. Asali yetu ya miombo ni nzuri, na kikohozi inakituliza. Lakini kwa mwenye kisukari asali ni sukari, basi. Anayekuuzia stendi kwa madai kwamba inatibu kisukari anakuuzia kidonda cha mguu.

Na kwa wenzangu mnaojichoma insulini: chupa unayoitumia huvumilia nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Oktoba yetu inazidi. Kama friji huna, chukua vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga, umwagie maji asubuhi na jioni. Dawa iwe ndani ya kopo kavu lenye mfuniko, chungu kifunikwe kwa kitambaa kibichi, kikae kivulini penye upepo. Maji yanavyotoka kwenye udongo yanabeba joto. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya mtungi wa bibi zetu pembeni mwa nyumba, na hewa kavu ya hapa inausaidia sana.

Tarehe 1 ya mwezi huu ilikuwa Siku ya Wazee Duniani, Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 1990. Wengi wenu hamkuisikia, wala si kitu. Mimi nawaomba jambo la mwezi mzima. Kijana uliyekaa pale, chagua mzee mmoja asiye wa nyumba yenu. Saa nane mchana, saa hiyo ya bati, mpigie hodi. Usiulize "Hujambo?" kwa sababu atakujibu "Sijambo" hata akiwa anakufa, ndivyo tulivyolelewa. Angalia kikombe chake. Ukikikuta kimejaa na vumbi juu, mwaga, jaza upya, kaa naye mpaka kiishe.

Sasa ni saa nne na nusu. Ndoo ile ina maji yaliyochemshwa, vikombe viko kwenye beseni. Wajukuu, anzeni na wale wa mkeka wa nyuma. Babu mwenye kofia, choo kiko hapa nyuma ya darasa, nimekipitia asubuhi, njia ni tambarare na mjukuu wangu atakusindikiza. Kunywa bila wasiwasi. Wenye mifuko ya dawa, nikimaliza kikombe changu nipo pale kwenye meza.